Kriminolojia na Psikolojia: Tusitenganishe Kosa na Mutu

Kule Lubumbashi, jina Kasapa liko na maana mbili. Ukisema «mutoto wangu iko ku Kasapa», mutu mumoja atakupongeza, juu anafikiri kampasi ya univerisite. Mwingine atakupa pole, juu anafikiri gereza. Jina ni moja, lakini nyumba ni mbili: moja ya kufundisha watu, ingine ya kufungia watu. Na wale wanaotoka mu ile ya kwanza na maarifa ya kusaidia mu ile ya pili, wangali wachache sana.

Kila mwaka, kiisha matokeo ya egzamen ya Serikali, vijana wetu wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi wanapaswa kuchagua njia. Kati yao kuko wale wanaosema: mimi napenda kujua juu ya nini mutu anafanya ubaya, na namna gani anaweza kuacha. Mutoto wa namna hiyo anakuta milango miwili: kriminolojia huku, psikolojia kule. Nyumbani papa anauliza: «Kriminolojia? Unataka kuwa polisi?» Mama naye: «Psikolojia? Utafanya kazi na bawazimu?» Kiisha wote wawili wanamusukuma mu sheria ao mu ekonomia, na mambo inaisha hapo.

Sisi watu wa sendika ya migodi tunasema: huyo mutoto aachwe asome, na asome ile masomo mawili pamoja. Si kwa kupamba diploma. Ni sababu mu inchi yetu, na zaidi mu migodi, kosa na mutu vimetenganishwa kwa muda murefu, na mwenye kulipa ni mufanyakazi.

Masomo mawili, ulizo moja

Kriminolojia inachunguza kosa: nani anaitwa mukosaji, sheria gani ilivunjwa, nani aliiandika, polisi na tribinali wanafanya nini, na wale walioumizwa wanabaki namna gani. Psikolojia inachunguza mutu: woga wake, kumbukumbu yake, uchovu wake, ginsi anaamua akiwa peke yake na ginsi anaamua akiwa mu kundi.

Ukiachia moja peke yake, inaweza kupotea njia. Mu mwaka 1876, munganga mumoja wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu chenye kusema kuna watu wanazaliwa wakosaji, na unaweza kuwajua kwa kupima kichwa, taya na masikio. Alipima mafuvu mingi na wafungwa wengi. Wakubwa wa ulimwengu wakafurahi, sababu hesabu hiyo iliwaondolea muzigo: kama mwizi alizaliwa mwizi, hakuna haja ya kuuliza mushahara wake ulikuwa ngapi, wala nyumba yake ilikuwa namna gani. Leo hakuna mwalimu wa maana anayefundisha ile mambo ya fuvu kama ukweli. Lakini roho yake haijakufa. Tunaisikia wakati mukubwa wa sekirite anasema: «Hawa vijana wa cité, tunawajua, njo sura ya wezi.»

Kiisha, mu Desemba 1939, mwalimu wa Marekani Edwin Sutherland alisimama mbele ya wenzake akawaambia: munahesabu makosa ya maskini tu. Akafungua njia ya kuchunguza makosa ya watu wa kola nyeupe, wale wa ofisi na kampuni. Kitabu chake cha 1949 kiliangalia kampuni kubwa 70 za Marekani na hukumu zilizowapata: kudanganya bei, kuvunja sheria za kazi, kutangaza uongo. Lakini majina ya kampuni yaliondolewa mu kitabu, sababu waliogopa mashitaka. Yalirudishwa mu 1983, wakati mwenyewe alikuwa amekufa zamani. Mutu wa sendika anaelewa habari hiyo bila kufasiriwa. Jina la kijana aliyeiba waya linaandikwa mara moja. Jina la kampuni linangojea miaka 34.

Juu ya nini mufanyakazi anaogopa haya masomo

Tuseme ukweli: mu Katanga watu wa migodi hawakukutana na psikolojia kama rafiki. Wakati wa ukoloni, Union Minière ilikuwa na wataalamu wa kupima watu, kuona nani anafaa kazi gani na mutoto gani anafaa masomo gani. Kipimo kilitumikia kampuni. Hakuna mutu alipima kama kampuni nayo inafaa watu. Na sayansi ya kosa wakati ule, kwa mufanyakazi mweusi, ilikuwa fimbo na buloko.

Kiisha uhuru, masomo nayo yalitawanywa. Mu 1971 Serikali ilikusanya univerisite zote kuwa moja, UNAZA, na kila kampasi ikapewa fakulte zake. Sheria ikabaki Kinshasa. Psikolojia na mafundisho ya walimu ikapelekwa Kisangani. Lubumbashi ikapata masomo ya lugha, jamii na mengine. Maana yake: mwenye kusoma sheria ya kosa na mwenye kusoma moyo wa mutu walitenganishwa na mto na pori ya kilometre mingi. Mu 1981 UNAZA ilivunjwa, univerisite tatu zikazaliwa. Leo Lubumbashi iko na fakulte ya psikolojia na iko pia na shule ya kriminolojia, na Kinshasa vilevile. Umbali wa barabara umeisha. Umbali wa mawazo ungaliko.

Mwizi, shahidi na namna ya kuuliza

Tuangalie mambo ya kila siku. Mu kiwanda, kitu kinapotea: kabulo, mazuti, mifuko ya kobalti. Asubuhi wanaitwa watu wa ekipe ya usiku. Sekirite inawauliza mumoja mumoja. Kiisha inakuja barua ya kuomba maelezo, ile tunaita eksplikasio, na mufanyakazi anapaswa kujibu upesi, mara mingi mu Kifaransa kisicho cha nyumbani kwake. Delege wa sendika anafika, anakuta maneno imekwisha kuandikwa.

Hapo psikolojia iko na kitu cha kutufundisha. Mu 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer, mu Marekani, walionyesha wanafunzi filme fupi ya ajali ya motokari. Kundi moja wakaulizwa mwendo wa motokari wakati «zilipopondana». Kundi lingine wakaulizwa mwendo wakati «zilipogongana». Kiisha juma moja wote wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Mu filme hakukuwa kioo kilichovunjika. Lakini kati ya 50 waliosikia neno «kupondana», 16 walisema walikiona. Kati ya 50 wa neno «kugongana», ni 7 tu. Neno moja la muulizaji liliingia mu kumbukumbu ya shahidi na kuzaa kioo.

Sasa fikiri muulizaji hasemi «uliona nini?» lakini anasema «ulimuona Fulani akibeba mufuko saa ngapi?» Shahidi iko na usingizi, anaogopa kontra yake, na anajua mukubwa anataka jina. Hakuna aliyesema uongo kwa kusudi. Lakini mutu anafukuzwa kazi, watoto wanatoka kalasi.

Na kukiri kosa? Sisi tunazoea kusema: kama hakuiba, juu ya nini alikubali? Mu Marekani, kati ya wale walioachiliwa kiisha kipimo cha ADN kuonyesha hawakufanya kosa, zaidi ya robo walikuwa wamekiri ao wamesema maneno ya kujishitaki. Walikiri sababu ya kuchoka, woga, ahadi za uongo, ao ujana. Kriminolojia inatupa hesabu na inatuonyesha ginsi chumba cha kuulizia kinaendeshwa. Psikolojia inatuonyesha kile kinatokea mu kichwa cha mutu aliyekaa mu kile chumba. Ukisoma moja bila ingine, utajua nusu. Na nusu haitoshi kumutetea mutu.

«Kosa la mutu»

Mambo ya pili ni ajali. Karibu kila raporo ya ajali inamalizika na maneno ile ile: kosa la mutu. Dereva wa benne alisinzia. Fundi hakufunga moto wa umeme. Kijana hakuvaa mukanda. Raporo inafungwa, na wakati mwingine marehemu mwenyewe njo anabaki mukosaji, maana hana mudomo wa kujibu.

Mupsikoloji wa Uingereza, James Reason, aliandika mu 1990 kitabu kizima juu ya makosa ya watu. Alitenganisha kosa la yule aliye mbele, mwenye kushika mashini, na makosa yenye kulala nyuma kwa muda murefu: ratiba mbaya, mashini isiyotengenezwa, mafundisho yaliyokatwa sababu ya bei. Ajali kubwa inakuja wakati matundu ya kila ukuta yanapangana mustari mumoja. Ukimuazibu dereva peke yake, matundu ingine yote inabaki wazi, inangojea dereva mwingine.

Hapo psikolojia inafika ku mupaka wake, na kriminolojia inapokea. Sababu ulizo inabadilika: nani alijua kama mashini ni mbovu? Nani aliandikiwa barua na akanyamaza? Nani alipata faida? Sheria ya Kazi ya 2002 inaweka juu ya mwenye kazi daraka la kulinda afya na usalama wa mufanyakazi. Kama daraka hilo linavunjwa kwa kujua, hatuko tena mu «ajali», tuko mu kosa, na kosa hilo halina sura ya kijana wa cité. Tunahitaji watu wenye kuweza kusoma raporo ya ajali na macho yote mawili.

Wakreseri na usiku wa konsesio

Mambo ya tatu inauma zaidi. Sheria ya Migodi ya 2002, iliyobadilishwa mu Marchi 2018, inaruhusu kuchimba kwa mukono mu maeneo yaliyopangwa kwa kazi hiyo. Lakini maeneo mazuri, yenye madini ya kufikika bila mashini, ni machache, na konsesio za kampuni zimezunguka muji. Kwa hiyo wakreseri wanaingia usiku. Mu Juni 2019, kariere moja upande wa Kolwezi ilianguka juu yao, watu zaidi ya 30 wakakufa. Wakati ule ule Serikali ilituma waaskari kuwaondoa mu konsesio. Waliondoka mu mwangaza, na wengi wakarudia mu giza.

Mwenye kujua sheria tu atasema: waliingia mahali pa watu, ni makosa, imeisha. Mwenye huruma tu atasema: ni maskini, waachwe. Hakuna hata mumoja kati ya hawa wawili ametuambia juu ya nini kijana aliyemuzika mwenzake siku ya alamisi anarudi mu shimo siku ya posho. Kuko deni kwa mwenye kununua madini, aliyempa chakula na tochi mbele. Kuko haya ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Kuko kundi, maana mu kundi hatari inaonekana ndogo. Kuko walinzi na wakubwa wenye kukula juu ya mulango. Hii yote, mutu mwenye kusoma kriminolojia na psikolojia pamoja anaweza kuichora vizuri, akatuambia wapi pa kukata munyororo. Waaskari hawawezi kuuchora.

Wale walioumizwa

Na mwisho, tusisahau mutu ambaye tribinali zinamuitia kusema tu, kiisha zinamusahau: yule aliyeumizwa. Hapa inchi yetu iko na sheria nzuri. Ile ya 20 Julai 2006 juu ya jeuri za ngono inaomba parke ao juji kuita, bila kungojea kuombwa, munganga na mupsikoloji, kwa kuangalia hali ya aliyeumizwa na kupima ukubwa wa hasara yake. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inasema mutoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa mukosaji mbele ya sheria ya azabu, na ikaweka tribinali za watoto.

Karatasi iko tayari. Lakini mupsikoloji mwenye kujua ginsi parke inatumika, ginsi ya kuandika raporo yenye juji anaweza kutumia, na ginsi ya kumuuliza mutoto bila kumuongezea kidonda, anatoka wapi? Mu Septemba 2020, mu gereza ya Kasapa penyewe, kulitokea machafuko na moto, na wanawake wafungwa walitendewa jeuri kwa siku mingi. Kampasi iko na jina lile lile. Ulizo letu kwa univerisite ni la heshima, lakini ni ulizo: kama si hapo, wanafunzi wenu watajifunzia wapi?

Wale wenye kupinga

Tunasikia mambo tatu. Ya kwanza: «Kazi iko wapi?» Ni ulizo ya haki, muzazi hawezi kulipa miaka mitano kwa karatasi ya kutundika ukutani. Lakini kazi ziko, ila hazijafunguliwa: magereza, tribinali za watoto, hospitali, huduma za afya ya kazi, ukaguzi wa kazi, ofisi za sendika, hata avoka wanahitaji mutu wa namna hiyo kando yao. Sheria zimesema watumike. Kile kinakosekana ni vyeo na mushahara mu bajeti.

Ya pili: «Mwenye kufuata sungura wawili hakamati hata mumoja.» Wanaogopa mwanafunzi atajua kidogo hapa na kidogo pale. Woga huo uko na musingi. Kwa hiyo hatuombi kuchanganya kila kitu mu sufuria moja. Mutu awe na nyumba moja ya kweli, psikolojia ao kriminolojia, na awe na mulango wazi wa kuingia kwa jirani.

Ya tatu ni yetu wenyewe, watu wa migodi: «Mutawafundisha, kiisha kampuni itawanunua, watakuja kutupeleleza.» Inaweza kutokea. Maarifa ni kama kisu cha jikoni, kinakata upande kinapogeuzwa. Lakini tukikataa masomo, kampuni haitakosa wataalamu, itawaleta kutoka ngambo. Sisi njo tutabaki bila mutu. Dawa ni kuwa na wetu, waliokula bukari pamoja na sisi, na wenye kiapo cha kazi kinachowakataza kutoa siri ya mutu.

Tunaomba nini

Ku univerisite: reforme ya LMD imepanga masomo kwa kredi, 60 kwa mwaka, 180 kwa lisanse na 120 kwa masta. Kredi ni pesa ya masomo, na pesa inapaswa kupita mupaka. Mwanafunzi wa psikolojia aruhusiwe kuchukua sehemu ya kredi zake mu kriminolojia, na yule wa kriminolojia mu psikolojia, bila kuanza upya mwaka wa kwanza na bila kulipa mara mbili. Na staji isifanywe mu ofisi yenye hewa baridi tu. Ifanywe ku gereza, ku tribinali ya watoto, ku hospitali, na ku sendika. Sisi tuko tayari kupokea wanafunzi. Tutawaonyesha barua za eksplikasio, majina yakiisha kufutwa, na watatufundisha kuzisoma.

Ku Serikali: mufungue vyeo ambavyo sheria zenu wenyewe zinaomba. Sheria inayoita mupsikoloji asiyekuwako ni kama kengele bila ulimi.

Ku kampuni: mukubali kama mufanyakazi anaulizwa juu ya wizi ao ajali, delege wake akae karibu tangu neno la kwanza, na maulizo yaandikwe pamoja na majibu. Kampuni yenye kutafuta mwizi wa kweli haina hasara mu jambo hilo. Inapata hasara ikimufukuza asiye mwizi na kumubakisha mwenyewe.

Ku wandugu wa sendika: tusingojee diploma. Delege anaweza kujifunza leo mambo mawili matatu. Usijibu barua siku ile ile ukiwa na hasira. Uliza shahidi «uliona nini», kiisha nyamaza. Mbele ya kuandika «kosa la mutu», uliza ekipe ililala masaa ngapi na mashini ilitengenezwa lini.

Na kwenu, papa na mama: kama mutoto anakuja kusema anataka kujua juu ya nini watu wanafanya ubaya, musimuchekelee. Muulizeni tu kama iko tayari kusoma sana, maana masomo haya hayana njia ya mukato. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa muda murefu tumeachia sheria kidole chake, na huruma kidole chake, na chawa ingali inatembea mu nguo yetu. Vidole hivi viwili vikutane, na vikutane mu mikono ya watoto wetu.